Habari za Taa Ndogo Zilizo Mbele ya Dereva

Barabara itokayo Mpanda kwenda Ikola, katika wilaya ya Tanganyika, hupita porini mwendo wa zaidi ya kilomita 100 kabla msafiri hajayaona maji ya ziwa. Wakati wa kiangazi vumbi lake huingia kila tundu, na wakati wa masika matope yake hushika magurudumu. Katika njia za namna hii magari ya Land Rover ya zamani yamefanya kazi kwa miaka mingi, yakichukua abiria, magunia ya mahindi, dagaa na migebuka iliyokaushwa, na mara nyingine mgonjwa anayepelekwa hospitali. Gari kama hilo likisimama usiku katikati ya pori, si dereva peke yake apatwaye na taabu. Kwa sababu hiyo tumeona yafaa kuwaeleza wasomaji wetu, hasa madereva na vijana wanaojifunza ufundi, habari za taa ndogo zilizo katika dashibodi: kazi yake ni nini, huharibika kwa namna gani, na mtu afanye nini apate kujua kama taa inasema kweli au inasema uongo.

Neno hilo la kweli na uongo ndilo jambo letu kubwa. Taa ndogo ni mjumbe tu. Mjumbe aweza kuleta habari ya kweli, aweza kupotea njia akaleta habari isiyo yake, tena aweza kufa asilete habari yo yote. Watu wengi wakiona taa haizimiki husema, "Taa imeharibika," wakaendelea na safari. Au huitoa globu yake wakaitupa, wapate raha ya macho. Wengine, taa isipowaka kabisa, hufurahi, wakidhani kutowaka ni dalili ya uzima. Hawa wa pili ndio walio katika hatari kubwa zaidi, maana mjumbe wao amekufa nao hawana habari.

Yapasa kwanza kujua rangi. Katika Land Rover nyingi za miaka ya 1950 na 1960 taa nyekundu ni ya chaji, nayo huonya kwamba betri haipati umeme kutoka kwenye dainamo. Taa ya buluu huonyesha kuwa taa kubwa za mbele zimeelekezwa mbali. Taa ya manjano ni ya choki. Na taa ya kijani, wasomaji wetu, ni ya oili ya injini. Tunarudia neno hili kwa kusudi. Siku hizi watu wamezoea kwamba rangi ya kijani ni rangi ya amani, na katika magari ya kisasa onyo la oili huwa jekundu. Kijana aliyejifunza udereva katika gari jipya akikabidhiwa Land Rover ya zamani, aweza kwenda kilomita nyingi huku taa ya kijani inawaka mbele yake, naye anafurahi kwamba mambo yote ni mema, kumbe injini inajisaga bila oili. Mwenye gari na amwonyeshe dereva wake kila taa kwa kidole, tena siku ya kwanza.

Sasa twende kwenye asili ya maradhi mengi. Land Rover ya kwanza ilionyeshwa kwa watu mjini Amsterdam tarehe 30 Aprili 1948. Wakati ule, baada ya Vita Kuu ya Pili, chuma kilikuwa haba Uingereza, basi mabati ya mwili wa gari yalifanywa kwa mchanganyiko wa alumini, na chasisi yake ikawa ya chuma. Gari hilo lilienea upesi katika Afrika Mashariki, wala watu hawajachoka nalo; mwezi wa Oktoba 2024 mamia ya Land Rover, mapya kwa makuukuu, yalikusanyika Arusha katika tamasha lao. Habari hii ya alumini tumeitaja kwa sababu inahusu umeme. Umeme wa gari hutoka katika betri kwa waya, hupita katika taa, kisha hurudi kwenye betri kwa njia ya mwili wa gari wenyewe, pasipo waya wa pili. Basi mahali ambapo parafujo ya chuma imebana bati la alumini, pakiingia unyevu hutokea unga mweupe, na unga huo huzuia umeme kurudi. Maji ya Ziwa Tanganyika hayana chumvi kama ya bahari, lakini mvua za masika na umande wa usiku zatosha kufanya kazi hiyo katika gari lililoishi miaka 50 au 60.

Umeme ukinyimwa njia yake hutafuta njia ya jirani. Ndipo dereva aonapo mambo ya ajabu: anawasha taa kubwa, na taa nyekundu ya chaji inawaka kwa unyonge, anatoa ishara ya kukata kona, na taa ya oili inapepesa pamoja na ishara. Wapo waliobadilisha dainamo nzima kwa sababu ya mambo kama hayo, wakatumia fedha nyingi, na kumbe ubovu ulikuwa chini ya parafujo moja. Taa mbili zisizo ndugu zikiwaka pamoja, shuku njia ya kurudia kabla ya kushuku kitu kingine. Dawa yake ni rahisi. Fungua parafujo, sugua kwa msasa mpaka bati na chuma ving'ae, paka mafuta ya mgando kidogo yazuie maji, kisha kaza. Bora zaidi, funga waya mmoja mnene kutoka nyuma ya dashibodi hadi kwenye chasisi, na ukague kama waya mpana unaounganisha betri na chasisi, na ule unaounganisha injini na chasisi, ungali mzima.

Kabla ya kuifungua dashibodi, ondoa kwanza waya wa betri. Katika mengi ya magari haya waya za taa hazikupitishwa katika fyuzi. Bisibisi ikigusa mahali pasipofaa waya huwa mwekundu kama mkaa, na gari lililobeba dumu la petroli si mahali pa kuchezea moto. Ukiisha kufungua parafujo na kuivuta dashibodi polepole, utaona waya zina rangi, na rangi hizo zilipangwa na watengenezaji kwa maana. Nyeusi ni ya kurudisha umeme mwilini. Nyeupe huleta umeme kutoka kwenye swichi ya ufunguo. Ya kahawia yenye mstari wa manjano ni ya taa ya chaji. Nyeupe yenye mstari wa kahawia ni ya taa ya oili. Nyekundu yenye mstari mweupe huzimulikia saa za dashibodi wakati wa usiku. Haya ni kama gari halikupita mikononi mwa fundi wa kuunga-unga. Waya zilizoguguniwa na panya zikaungwa kwa waya wa redio wa rangi yo yote, na kufungwa kwa kipande cha mfuko wa plastiki, humfanya fundi wa pili ahangaike siku nzima kwa kazi ya nusu saa. Ukikosa waya wa rangi ipasayo, funga kipande cha kitambaa au karatasi chenye alama katika ncha zote mbili.

Chombo cha kupimia kila mtu aweza kujifanyia. Chukua globu ya taa ya breki, ya volti 12, uiunge waya mbili, kila waya kiasi cha mita moja. Basi. Chombo hiki ni salama kuliko kugusanisha waya mtupu, maana umeme wote hupita katika globu, wala hauwezi kuunguza kitu. Tena hakijali kama gari limefungwa chanya au hasi, jambo tutakalolieleza mbele.

Tuanze na taa nyekundu. Upande mmoja wa taa hii hupokea umeme wa betri kwa njia ya ufunguo. Upande wa pili umeunganishwa na dainamo. Dainamo isipozunguka haina nguvu, basi umeme wa betri hupita katika taa, huingia katika dainamo na kurudi mwilini, taa inawaka. Injini ikiwashwa na dainamo ikazunguka, nguvu yake hupanda mpaka ikalingana na ile ya betri. Hapo pande mbili za taa zinasukumana sawasawa, kama watu wawili wanaovuta kamba kwa nguvu moja, umeme haupiti, na taa inazimika. Mtu akishaelewa jambo hili, yanayobaki ni mepesi.

Washa ufunguo, usiwashe injini. Taa nyekundu sharti iwake. Isipowaka, rudisha waya wa betri, kisha chukua chombo chako. Ncha moja ibane penye chuma safi cha mwili wa gari, na ncha ya pili iguse ule mguu wa taa wenye waya wa kahawia na manjano. Hapo angalia taa ndogo, wala si globu yako. Globu kubwa haitawaka, maana umeme unaopenya katika taa ndogo hautoshi kuiamsha. Lakini taa ndogo ikiwaka, jua kwamba ni nzima na kwamba ubovu uko mbele, katika waya uendao kwa dainamo au katika brashi za dainamo zilizokwisha. Ndogo ikikaa giza, gusa mguu wake wa pili, wenye waya mweupe. Globu yako ikiwaka, umeme unafika na globu ndogo imekufa. Isipowaka, umeme haufiki, nawe fuata waya mweupe kurudi mpaka kwenye swichi.

Taa ikiwaka vema kabla ya injini kuwashwa lakini ikakataa kuzimika injini inapokwenda, usianze na dashibodi. Simamisha gari na ufunue boneti. Mkanda wa feni ndio unaozungusha dainamo, na mkanda huo huo huzungusha feni na pampu ya maji. Ukiwa umekatika, betri ni shida ndogo; injini itachemka na kuharibika mara. Kwa hiyo twasema taa nyekundu ni mjumbe wa maji pia, ijapokuwa mwenye kuitengeneza hakumpa kazi hiyo. Mkanda ukiwa mzima lakini umelegea, ukaze. Ukiwa mzima tena umekaza, hapo ndipo pa kuangalia dainamo na kidhibiti chake.

Taa ikipepesa injini inapokwenda polepole, kisha ikazimika ukikanyaga mafuta, usihangaike. Ndiyo tabia ya dainamo za zamani. Lakini ikibaki na mwanga hafifu usiku kucha, yaani si kuwaka wala si kuzima, pana mahali umeme unazuiwa kati ya dainamo na betri, aghalabu kiungio chenye kutu au kichwa cha betri chenye unga.

Iko desturi mbaya ambayo twaiona kila mahali. Fundi, akitaka kujua kama gari linachaji, huondoa waya wa betri wakati injini inapokwenda. Injini isipozima husema chaji ni nzuri. Katika magari yenye alternata, kama Land Rover nyingi zilizotengenezwa baada ya mwaka 1971, jambo hilo laweza kuiua alternata pale pale. Mita ya volti siku hizi hupatikana kwa bei nafuu. Betri iliyojaa, gari likiwa limezimwa, huonyesha kiasi cha volti 12.6, injini ikienda kwa kasi ya wastani sharti ipande ifike 13.5 au zaidi. Isipopanda, hakuna chaji, hata kama taa imezimika. (Ndani ya betri mna mabamba ya risasi, madini yale yale yaliyochimbwa Mpanda katika miaka ya 1950 na kuchukuliwa kwa reli iliyojengwa kutoka Kaliua. Wazee wa Mpanda waijua kazi hiyo.)

Kwa habari ya alternata iko ajabu nyingine. Katika nyingi za kale, umeme mdogo unaopita katika taa nyekundu ndio unaoiamsha alternata ianze kazi. Globu ile ikiungua, alternata yaweza kulala, na betri ikaisha kidogo kidogo, wala hapana taa ya kuonya. Basi yule aliyetoa globu ili apate raha ya macho, ameizima chaji kwa mkono wake mwenyewe.

Sasa taa ya kijani, ya oili. Hii haina mashindano ya nguvu mbili. Ubavuni mwa injini iko swichi ndogo yenye waya mmoja. Injini isipokwenda, swichi hiyo hufungamanisha waya na mwili, na taa huwaka. Injini ikienda, msukumo wa oili huitenganisha, na taa huzimika. Ikiwaka njiani, zima injini papo hapo, usingoje kufika kijijini. Injini yaweza kukwenda bila chaji mpaka betri iishe. Bila msukumo wa oili haiwezi kudumu hata dakika chache pasipo kuumia. Chomoa kijiti cha kupimia, ukifute, ukirudishe, ukitazame. Oili ikiwa pungufu, ongeza, na utafute inakovuja.

Oili ikiwa tele na taa ikawaka vile vile, ndipo pa kumwuliza mjumbe. Washa ufunguo bila injini, uchomoe waya kwenye swichi ya oili, na uuzuie usiguse chuma. Taa ikiendelea kuwaka, waya umechubuka mahali na unagusa mwili; mjumbe amesema uongo. Taa ikizimika, waya ni mzima, na sasa yamebaki mawili: ama swichi imekufa, ama msukumo haupo kweli. Kwa kutazama tu haiwezekani kuyatenganisha. Fundi na aitoe swichi, afunge kipimo cha msukumo mahali pake, na aiwashe injini kwa muda mfupi. Mpaka hilo lifanyike gari lisiendeshwe, livutwe. Twajua kwamba kuvutwa kutoka katikati ya pori la Katavi si jambo dogo, na kwamba abiria watanung'unika. Swichi mpya ni kitu cha bei ndogo; injini iliyosagika huweza kulimaliza gari lote, na kijiji kikabaki bila chombo cha kumpelekea mgonjwa.

Taa ya oili isipowaka ufunguo unapowashwa, chomoa waya ule ule na uuguse kwenye chuma cha injini. Taa ikiwaka, swichi ndiyo mbovu. Isipowaka, ubovu uko kwenye globu au waya. Hapa waya mtupu hauna hatari, maana taa imekwisha kuwa njiani.

Wavuvi wa dagaa wa Ikola, walioivulia karabai miaka mingi, hawana haja ya kufundishwa utaratibu huu. Karabai ikififia usiku ziwani, mvuvi haitupi majini. Hutazama mafuta, kisha pampu, kisha soksi yake, kila kitu kwa zamu. Fundi wa gari naye afanye vivyo hivyo.

Taa zinazomulika saa za dashibodi usiku hatutazikalia sana. Katika magari mengi ya zamani zina swichi yake ya pekee, nazo haziwaki mpaka taa ndogo za nje zimewashwa; dereva mgeni huzidhania mbovu kumbe hajazifungulia. Zikiwa hafifu zote, tazama njia ya kurudia. Ikiwa ni moja tu, zungusha globu katika kikombe chake, maana mtikisiko wa barabara huilegeza. Na kama mshale wa petroli na mshale wa joto yote miwili imeanza kusema upuuzi siku moja, usibadilishe saa. Nyuma ya dashibodi ya magari ya mwishoni mwa miaka ya 1960 na baadaye kiko kidude kidogo kinachopunguza volti kwa ajili ya saa hizo mbili, na hicho ndicho kilichokufa.

Limebaki jambo la globu mpya za LED, zinazouzwa sasa madukani. Mwanga wake ni mzuri na hazili umeme, lakini yafaa kuwa na hadhari. Kwanza, LED huwaka umeme ukipita upande mmoja tu. Land Rover nyingi zilizotengenezwa kabla ya mwaka 1967 hivi zilifungwa upande wa chanya wa betri kwenye mwili wa gari, kinyume cha magari ya leo. Globu ya LED ikitiwa humo yaweza kukaa giza, na fundi akadhani waya umekatika. Hata redio au chaja ya simu ikifungwa bila kuangalia huungua. Kabla ya kununua cho chote, fungua mahali pa betri utazame ni kichwa kipi, chenye alama ya kujumlisha au ya kutoa, kilichofungwa kwenye chasisi. Pili, usitie LED mahali pa taa nyekundu ya chaji katika gari lenye alternata, kwa sababu umeme unaopita ndani yake ni mchache mno, na alternata yaweza isiamke. Hapo itumike globu ya zamani yenye uzi ndani, ya volti 12 na wati 2.2. Dereva aendaye Mpanda na achukue tatu za namna hiyo, pamoja na mkanda wa feni wa akiba, kipande cha msasa na chombo chake cha kupimia, vyote katika kopo lenye kifuniko, liwekwe chini ya kiti mahali pasipofikiwa na maji.